Taa ya upepo wa tairi huwaka na kuzima, kisha hubaki imewaka: tatizo ni nini?

Mkazi_Kigamboni:
Wakuu, habari zenu. Gari langu la mwaka 2016 niliagiza kutoka Uingereza. Tangu nibadilishiwe tairi mbili za nyuma, kila niwashapo injini taa ya manjano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao huwaka na kuzima kwa muda wa dakika moja hivi, kisha hubaki imewaka. Nimepima upepo na unalingana na kibandiko cha mlango wa dereva. Fundi aliyefunga tairi ananishauri taa hiyo izimwe kabisa. Je, nikubali?

Fundi_Rimu:
Mkuu, usikubali. Ingekuwa upepo umepungua, taa ingewaka moja kwa moja. Inapowaka na kuzima kwanza, kwa sekunde 60 hadi 90, maana yake mfumo wenyewe una hitilafu, na mara nyingi kompyuta ya gari haipati mawimbi ya sensa mojawapo, yaani kifaa kidogo kinachopima upepo wa tairi. Sensa hukaa ndani ya rimu, imeshikana na shina la vali (kile kijiti cha kujazia upepo), kwa hiyo fundi akianza kung'oa tairi upande wa vali, mashine huikandamiza na ganda lake la plastiki hupasuka. Hata hivyo umri nao uzingatiwe: betri yake imefungiwa humo humo, haibadilishwi, na hudumu miaka 5 hadi 10 tu. Tafuta gereji yenye kifaa cha kusoma sensa moja moja, ndipo utajua ni gurudumu lipi kabla hujafungua chochote.

Mama_Safari:
Ninaongeza jambo la kununua, maana hapa wengi hupoteza fedha. Sensa za magari ya Ulaya hutumia masafa ya megahezi 433, ilhali nyingi za Marekani na Japani hutumia 315. Ukikosea, sensa itaingia kwenye rimu vizuri kabisa, lakini gari halitaisikia hata siku moja. Ikishafungwa, inabidi pia itambulishwe kwa kompyuta ya gari.

Fundi_Rimu:
Kweli kabisa. Na kwa sisi wa pwani, shina la vali la alumini huliwa na chumvi. Kile kichuma cha ndani kinachozuia upepo kinapaswa kuwa kimepakwa nikeli. Ukiwekewa cha shaba tupu, hugandana na shina, na siku ya kukifungua shina lote hukatika. Kila tairi inapobadilishwa, kichuma hicho, mpira wa kuzibia, nati na kifuniko viwekwe vipya. Ni vitu vya bei ndogo, ila mafundi wengi huvirudisha vilevile.

Dereva_Tanga:
Samahani, gari langu lina taa hiyo lakini ndani ya rimu hakuna sensa yoyote. Inafanyaje kazi?

Fundi_Rimu:
Hilo hutumia sensa za breki za ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga), ambazo hupima kasi ya kila gurudumu. Tairi iliyopungua upepo huwa na kimo kidogo, hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta huona tofauti hiyo. Ukishajaza upepo, weka upya kumbukumbu kwa kitufe au kwenye menyu ya dashibodi. Udhaifu wake ni kwamba tairi zote nne zikipungua kwa kiwango kimoja, huenda isikuambie kitu, kwa hiyo kipimo cha mkono bado unakihitaji.

Mkazi_Kigamboni:
Nimewaelewa, asanteni. Kesho nalipeleka gari likasomwe kabla sijanunua sensa.