Naomba ushauri: Epiphone Les Paul, nianze kuboresha nini?

Ndugu wapiga gitaa, ninakusudia kununua gitaa la umeme la Epiphone Les Paul, kwa kuwa Gibson, inayoimiliki Epiphone tangu 1957, huuza Les Paul yake kwa bei nisiyoimudu. Wengi hukimbilia kubadilisha pikapu (vinasa-sauti vilivyo chini ya nyuzi), lakini mimi naona kwamba gitaa lisilodumu kwenye sauti lililopangiwa, hasa uzi wa G unaponasa kwenye kidaraja cha juu, pale shingo inapokutana na kichwa, halitaokolewa na pikapu yoyote, hata iwe ghali namna gani. Je, nianze kwa kuweka kidaraja cha mfupa pamoja na funguo bora za kukazia nyuzi, au ni heri niongeze fedha ninunue toleo ambalo tayari lina vifaa hivyo? Pikapu zinaweza kusubiri.