GPS inanipotea kwenye maghorofa ya Posta: simu mpya, antena ya paa au redio ya Android?

Kishoka_IST
Wakuu, naendesha teksi ya mtandao hapa Dar. Nikiwa Tegeta ramani haina neno. Nikiingia Posta, hasa Samora na Sokoine Drive, kishale kinarukia mtaa wa pili. Jana abiria kakatisha safari nipo mlangoni kwake! Nina laki nne. Wengine wananiambia nichukue simu yenye GPS ya masafa mawili, wengine antena ya juu ya paa, wengine redio ya Android, ile ya gari yenye skrini na ramani yake. Kipi kinasaidia kweli?

fundi_waya
Tint yako ni ya aina gani? Yenye chembe za chuma inameza mawimbi, na hapo antena ya paa ina maana. Kama ni ya kawaida, antena itakuletea mawimbi yaleyale ya uongo kwa sauti kubwa zaidi. Pale Posta wimbi linagonga ghorofa kwanza ndipo linakufikia, kifaa kinadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo.
Mimi ningeenda na redio. Ila simamia fundi: kile kiantena chake cheusi wengi wanakitupia nyuma ya dashibodi, kwenye mabati. Kikae juu, karibu na kioo cha mbele.

pwani_pwani
Pakua ramani kwenye simu tu mkuu, uache kutegemea bando.

Binti_Masafa
@pwani_pwani ramani ya kupakua inaokoa bando, haimwambii mtu alipo.
Kishoka, chukua simu. GPS ya kawaida inasikiliza masafa mamoja ya setilaiti, L1, MHz 1575.42. Ya masafa mawili inaongeza L5, MHz 1176.45. Kipande kimoja cha msimbo ambao setilaiti inatuma kwenye L1 kina urefu wa mita 293 hivi, cha L5 kama 29, kwa hiyo ni rahisi zaidi kutenganisha wimbi lililonyooka na mwangwi wake. Xiaomi Mi 8 ilikuja nayo tangu 2018, so hata mtumba utapata. Usimwamini muuzaji: weka programu ya GPSTest, toka nje, angalia kama L5 inatokea.

Mzee_Mlolongo
Huku Nairobi hata hiyo simu inalemewa. Expressway, barabara ya kulipia, imepanda juu ya Mombasa Road. Ukiwa chini, ramani inakwambia ulipe toll! Gari la bosi wangu lina ramani ya kiwandani inayohesabu mizunguko ya magurudumu na kupima kona, hata kwenye parking ya chini ya ardhi kishale kinatembea. Ukikaa bila setilaiti muda mrefu kinaanza kupotea kidogo kidogo, lakini hiyo ndiyo dawa.
Sasa swali: abiria anaona nini? Programu yako ya teksi iko kwenye simu au kwenye redio?

Kishoka_IST
Simu.

Mzee_Mlolongo
Basi funga redio ya milioni, abiria ataona kile simu inachoona. Na antena ya paa utaichomeka wapi kwenye simu?

fundi_waya
Hapo mzee umenikamata. Simu, basi. Na kishikio kigumu. Ikichezacheza, vihisio vyake vinadhani umekata kona.

Kishoka_IST
Tint ni ya kawaida, nimeangalia. Jumamosi naenda Kariakoo, GPSTest nimeshajua inavyosomwa. Kazi iliyobaki ni kumshawishi muuzaji aniruhusu nitoke na simu yake hadi barabarani.