Nakaribia miaka 60, nataka kujifunza gitaa la stili la pedali: nianzie wapi?

NyuziKumi

Wakuu, salaam. Napiga gitaa la kawaida kwa kiwango cha kati, kordi nazijua. Sasa nataka kuhamia stili ya pedali, ile unayokaa nyuma yake na chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi mkono wa kushoto, pedali miguuni, leva magotini.

Nimeona mawili yaliyotumika. Moja lina pedali 3 na leva 1, ni jepesi na bei yake ni ya chini. Jingine lina pedali 3 na leva 4. Je, leva moja inatosha kwa kuanzia? Vidole vyangu vina baridi yabisi kidogo, na kifundo cha mguu wa kushoto hakigeuki vizuri. Hicho ni kikwazo? Na mazoezi ya mwanzo kabisa yawe yapi?

Chuma_Mkononi

Mkuu, chukua la leva nne kama mwili wake ni mzima. Tuni ya E9, yaani mpangilio wa sauti za nyuzi ambao masomo mengi ya kuanzia huufuata, ina nyuzi kumi. Kuanzia uzi wa kwanza, ulio mbali nawe, ni F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Pedali A inapandisha B zote mbili (uzi wa 5 na wa 10) kuwa C#. Pedali B inapandisha G# (wa 3 na wa 6) kuwa A. Pedali C inapandisha uzi wa 4 kuwa F# na wa 5 kuwa C#. Kisha zinakuja leva mbili ambazo huwezi kuzikwepa: moja inapandisha E (wa 4 na wa 8) kuwa F, nyingine inazishusha E hizohizo kuwa D#.

Angalia kordi ya G meja. Unaipata freti ya 3 bila kukanyaga kitu. Unaipata freti ya 10 ukikanyaga A na B pamoja. Unaipata tena freti ya 6 kwa pedali A na leva ya F. Nafasi hizo tatu ndizo ramani ya chombo kizima, na gitaa la leva moja mara nyingi halina hiyo ya F. Utajifunza theluthi mbili ya ramani, halafu uje uanze upya kuzoeza goti ambalo halikuwa na kazi tangu mwanzo. Ukishapita ujana, kuzoeza mwili mara mbili ni gharama kubwa kuliko tofauti ya bei.

Vidole visikutie hofu. Hapa hakuna kubana uzi kwenye freti. Chuma cha kawaida kina kipenyo cha milimita 22 hivi, urefu wa sentimita 8 na kidogo, na uzito wa zaidi kidogo ya gramu 200. Uzito huo unatosha kugusisha nyuzi. Wewe unakiongoza tu. Ukikikandamiza, nyuzi zinabonyea, sauti inapanda kuliko inavyotakiwa, na kiganja kinachoka bure. Kikikulemea, kuna vyuma vyembamba na vyepesi zaidi, ila sauti hukatika mapema.

Kifundo cha mguu ndicho cha kuangalia. Katika mpangilio wa Emmons pedali zinakwenda A, B, C kutoka kushoto. Kiatu kinalala juu ya A na B kwa pamoja, na ukitaka A peke yake unalaza mguu upande wa nje. Mpangilio wa Day umegeuzwa, C, B, A, hivyo mguu unalala upande wa ndani. Kaa kwenye kiti, kisigino sakafuni, ulaze mguu pande zote mbili uone upi hauumi. Fanya hivyo kabla ya kununua, maana kubadili mpangilio baadaye ni kufumua vijiti vinavyounganisha pedali na nyuzi chini ya gitaa.

FundiChenja

Naongezea upande wa mitambo, ndugu NyuziKumi, kwa sababu stili iliyotumika inaweza kung'aa juu huku chini imechoka.

Ligeuze juu chini. Kila pedali inazungusha fito ya chuma, na fito inavuta vijiti vinavyokwenda kwenye chenja, yaani sehemu ya kulia ambapo nyuzi zimekaa juu ya vidole vya chuma vinavyozunguka. Shika kila fito uitikise: ikicheza sana kwenye mashimo yake, pedali hazitarudi sauti ileile mara mbili. Hesabu vijiti. Kikikosekana kimoja, badiliko hilo halipo hata kama pedali inakwenda chini.

Halafu lisimamishe, tuni nyuzi zikiwa wazi, kanyaga pedali A mara kadhaa uachie, upime tena uzi wa 5. Ukirudi ukiwa juu kuliko mwanzo, mara nyingi nati ya nailoni ya pembeni imekazwa mno, kwa hiyo kidole cha chenja hakifiki kwenye kizuizi chake. Pedali ikiwa haijakanyagwa, kijiti kiwe na ulegevu kidogo sana. Nyuzi zinazoshushwa zina springi ya kuzirudisha. E ikibaki chini baada ya kuachia leva, springi hiyo imelegea, au chenja imekauka na uchafu. Tone dogo la mafuta mepesi kwa sindano linatosha. Ukimwaga mengi yanakusanya vumbi, na hali inakuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Tazama na juu ya vidole vya chenja. Uzi wa 3 ni mwembamba kuliko wote, inchi .011, unavutwa hadi G# ya juu kisha pedali B inaupandisha A. Ndio unaokatika mara nyingi, na unakatikia hapohapo juu ya kidole, kwa kuwa unakunjwa na kukunjuliwa kila ukikanyaga. Kukiwa na mfereji uliochimbika, uzi mpya hautadumu mpaka mfereji usuguliwe kwa msasa laini sana hadi ung'ae. Nunua nyuzi za .011 za ziada na uzibadilishe kabla hazijakatika.

Seti ya E9 kutoka wa 1 hadi wa 10 huwa .013, .015, .011, .014, .017, .020, .026, .030, .034, .036. Uzi wa 6 wengine huweka wa kusokotwa wa .022. Huo unahitaji mvuto mrefu zaidi kwa badiliko lilelile, hivyo ukibadilisha aina, pedali nazo zirekebishwe.

Pedali zikiwa nzito kwa mguu wako, usivumilie. Kijiti kinaingia kwenye kikono chenye mashimo zaidi ya moja. Kukisogeza karibu na fito kunaifanya pedali iwe nyepesi, ila itasafiri mbali zaidi. Kwa goti au kifundo chenye maumivu, mabadilishano hayo yanafaa.

BintiWaKordi

Mimi nitajibu la mazoezi. Wanaoanza wengi hupenda pedali kwanza, na ninaelewa, maana ndiyo sauti iliyowavutia. Lakini kinachomtambulisha mtu anayejua kupiga stili ni ukimya kati ya nota. Nyuzi zote kumi ziko wazi muda wote, hakuna kidole kinachozizima, kwa hiyo usipozizima wewe mwenyewe zinachanganyikana kuwa kelele.

Vaa piki ya kidole gumba na piki mbili za chuma, cha shahada na cha kati. Pumzisha ukingo wa kiganja cha kulia, upande wa kidole kidogo, juu ya nyuzi. Inua kiganja kidogo tu ili upige, kisha kirudishe kizime. Weka metronomu kwenye 60. Piga uzi wa 5 kwenye pigo la kwanza, uzime kwenye la pili, na kuendelea. Sauti ijae pigo zima na kimya kijae pigo zima. Ukisikia mkwaruzo wakati wa kuzima, unagusa uzi kwa piki na si kwa nyama ya kiganja. Ikitulia, hamia makundi ya nyuzi tatu: 3-4-5, kisha 4-5-6, 5-6-8, 6-8-10. Gumba linachukua uzi wa chini, shahada wa katikati, cha kati wa juu.

Mkono wa kushoto nao una kazi ya kuzima. Kidole cha shahada kinalala juu ya chuma, gumba linakishikilia kwa upande, na vidole vya pete na kidogo vinalala juu ya nyuzi nyuma ya chuma, upande wa kichwa cha gitaa. Vidole hivyo vikiinuka tu, utasikia nyuzi zinalia nyuma ya chuma. Kwa mwenye baridi yabisi, kidole cha pete kilichonyooka ndicho kinachosahaulika kwanza.

Gawa muda: dakika 20 asubuhi, 20 jioni, badala ya saa nzima kwa mkupuo. Misuli ya mguu inayolaza kifundo pembeni haijazoea kazi hiyo, ikichoka inakufundisha kukanyaga vibaya.

Na pedali ya volyumu iache kabisa mwanzoni. Inaficha mapigo mabaya ya piki. Ukianza kuitumia, piga nota ikiwa nusu, kisha isukume polepole kadiri nota inavyofifia ili sauti ibaki sawa. Kuifungua kwa kila nota kunaleta mlio wa kulialia usiokwisha.

NyuziKumi

Asanteni sana, nitachukua la leva nne. Moja linanitatiza: nikituni kila uzi ukae katikati ya mashine ya kutunia, kordi ya wazi inasikika chachu. Nikishusha G# kwa sikio inapendeza, ila mashine inasema nimekosea. Nifuate kipi?

BintiWaKordi

Fuata sikio, mkuu. Stili inashikilia kordi muda mrefu, tena mara nyingi ya nyuzi mbili au tatu tu, hivyo mgongano wa sauti unasikika kuliko kwenye gitaa la kawaida. Meja ya tatu (nota ya kati ya kordi ya meja, kama G# kwenye kordi ya E) iliyo safi iko karibu senti 14 chini ya ile ya mashine; senti ni sehemu moja ya mia ya hatua ya freti moja. Kwa hiyo ukiweka E kwenye 0, G# itakaa karibu -14 na B karibu +2. Kanyaga pedali B, tuni nota A kwa E: karibu -2. Kanyaga pedali A na B, tuni C# mpaka kordi ya A itulie: karibu -16. Halafu pedali A pamoja na leva ya F, tuni F mpaka kordi itulie: utashangaa iko karibu -30. Kila moja imejengwa juu ya iliyotangulia, ndiyo maana zinazidi kushuka.

Kwa kuwa nyingi zinashuka, ukicheza na piano au besi chombo chote kitasikika chini kidogo. Wengi wanapandisha E senti 10 hivi ili tofauti igawanyike.

Chuma_Mkononi

Hapo nakubaliana nusu. Mtu anayeanza akishusha F hadi -30 atapata nafasi ya A na F iliyo chini sana akiweka chuma juu ya mstari kabisa. Inabidi asogeze chuma mbele kidogo ya freti, upande wa chenja, na hilo linachanganya mtu ambaye bado anatafuta mstari wenyewe. Mimi ningeweka G# kwenye -8 na F kwenye -18 au -20 kwa miezi ya mwanzo. Kordi hazitakuwa safi kabisa, lakini mistari itakuwa na maana ileile kwenye nafasi zote tatu.

BintiWaKordi

Hoja nzuri, ndugu, na kwa anayecheza na piano kila siku ningeikubali. Wasiwasi wangu ni sikio: likizoea kordi iliyochacha kidogo, baadaye halitakuambia chuma kimepinda. Ajaribu zote mbili huku nota ndefu ya E inalia kwenye spika, achague inayomfanya asikie makosa yake haraka.

FundiChenja

Vyovyote mtakavyoafikiana, tuni kwa mpangilio mmoja kila siku: nyuzi wazi kwanza kwenye kichwa cha gitaa, halafu pedali, halafu leva, kwa nati za nailoni. Ukirudi kugusa nyuzi wazi katikati ya kazi, pedali zote ulizokwisha kuziweka zimeharibika. Na usistaajabu ukikanyaga A na B ukaona E inashuka senti chache. Mwili wa gitaa unapinda kidogo kwa mvuto. Magitaa yote yana hilo, tofauti ni kiasi.

NyuziKumi

La mwisho: navaa miwani ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja, na mistari ya freti inahamahama.

Chuma_Mkononi

Hiyo miwani itakupotosha. Freti za stili ni michoro tu chini ya nyuzi. Ukiangalia kwa upande, chuma kinaonekana mbele au nyuma ya kilipo. Tengeneza miwani ya lenzi moja kwa umbali wa macho yako hadi kwenye nyuzi, mara nyingi sentimita 50 hadi 60, upime ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kupigia. Kaa katikati kwenye freti ya 15 hivi. Kiti kiwe na kimo kinachoyapa magoti pembe ya mraba, na leva ziwe sentimita moja au mbili kutoka gotini. Kwenye freti za 1 hadi 5 sogeza kiwiliwili kizima kushoto ili jicho liwe juu ya chuma. Ukigeuza shingo tu, chuma kitakaa mshazari na nyuzi za karibu nawe hazitakubaliana na za mbali.