Majirani wa Mtopanga: akitoka ndani

Mzee Mwinyi: Assalam aleikum majirani, na wengine habari za jioni. Kuna kijana wetu atoka gereza la Shimo la Tewa Jumatatu. Jina lisitajwe humu, wanaomjua wamjua. Kabla hajaingia alikuwa kwenye unga, yaani heroini. Kwao wauliza wampokee vipi. Hamisi na Nesi, tuelezeni. Wengine mzaha tupunguze.

Hamisi (mhudumu wa mitaani): Waaleikum salaam mzee. Kwanza lile watu wasiloliamini: kijana huyo yuko hatarini zaidi Jumatatu jioni kuliko siku aliyokamatwa.

Mama Saumu: Vipi tena Hamisi? Si katoka msafi?

Hamisi: Usafi wenyewe ndio hatari mamangu. Mwili uliozoea unga ukikaa wiki chache bila, unapoteza mazoea. Hamu haijaondoka. Akirudi maskani kwa wenzake wanaotumia, atataka kipimo kile kile cha zamani, na mwili haukiwezi tena.

Nesi Mwanaidi: Ni hivyo kwa yeyote aliyekaa bila: aliyetoka kituo cha kurekebisha tabia, aliyelazwa hospitali, hata wale wanaojizuia Ramadhani nzima wakarudi Idi mosi. Unga huipooza ile sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua. Mtu hasahau kula wala kutembea, husahau kuvuta pumzi. Wiki mbili za kwanza ndizo za kuchunga zaidi.

Juma Tuktuk: Kwetu stejini akizidiwa mtu na unga ni maziwa, na maji ya baridi kichwani. Kuna wanaowadunga maji ya chumvi pia.

Nesi Mwanaidi: Juma, maziwa ukimmiminia asiye na fahamu yaingia mapafuni, huyo umemzamisha. Maji ya chumvi hayazimui unga, yanapoteza dakika tu. Makofi, kumburuta atembee, yote hayo wacha. Shida ni hewa, dawa yake ni hewa.

Mama Saumu: Sasa nitajuaje amezidiwa au amelewa tu amelala? Maana hao husinzia wamesimama!

Nesi Mwanaidi: Anayesinzia ukimwita kwa nguvu atafungua jicho, hata akikutukana ni heri. Aliyezidiwa haitiki. Msugue mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi, kwa nguvu. Kama hashtuki, hilo ni jambo. Tazama midomo na kucha: kwa sisi weusi zinakuwa za kijivu, mweupe zinakuwa buluu. Mboni ya jicho imekuwa kama ncha ya pini. Pumzi moja, halafu kimya kirefu. Na ule mkoromo mzito wa maji maji kooni, watu husema "mwacheni, amelala fofofo". Mkoromo huo ndio wa kuamsha nyumba.

Bi Rukia: Subhanallah.

Mzee Mwinyi: Haya, nimemkuta hivyo. Nafanya nini kwanza?

Nesi Mwanaidi: Mmoja apige simu, 1199 ya Msalaba Mwekundu, au Juma alete tuktuk mlangoni. Wewe usimwache. Mlaze chali, toa kilicho mdomoni, inua kidevu kichwa kiende nyuma. Mzibe pua, mpulizie mdomoni pumzi mbili ukitazama kifua kinanyanyuka. Kisipopanda, kichwa hakijakaa sawa, kirekebishe. Halafu pumzi moja kila sekunde 5: hesabu polepole moja mpaka tano, puliza. Endelea mpaka apumue mwenyewe au msaada ufike. Hata robo saa. Mkichoka pokezaneni. Na kama hana mapigo kabisa, hapo ni kumkandamiza kifua pia.

Nesi Mwanaidi: Akianza kupumua mgeuze ubavu, goti la juu likunjwe, mkono chini ya shavu, ili akitapika yatoke nje.

Hamisi: Na iko naloksoni. Hii ndiyo inayouondoa unga kwenye ubongo. Sisi tunaotembea maskani hubeba tukipewa na kituo. Kichupa ni miligramu 0.4, inadungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, hata juu ya suruali. Dakika 2 au 3 huku unaendelea kupuliza. Kimya? Dunga ya pili.

Kadzo (duka la dawa): Hapo niongeze. Naloksoni inapambana na unga, methadoni (dawa anayopewa mtu badala ya unga), na dawa za maumivu kama morfini na tramado. Bugizi, zile tembe za usingizi, na pombe haiviondoi. Na wengi wanaokufa hawakufa kwa unga peke yake: ni unga, tembe mbili za bugizi, na mnazi juu. Vyote vinakandamiza pumzi, kila kimoja kinamsaidia mwenzake. Lakini dunga tu, usikae kubahatisha alichotumia; kama hakuna unga mwilini haimdhuru.

Hamisi: Kweli kabisa. Kingine: akizinduka anazinduka na arosto kali, yale mateso ya mwili kukosa unga, hasira, jasho, anataka aende akachome tena hapo hapo. Msimruhusu. Naloksoni inadumu nusu saa mpaka saa moja na nusu, unga unaweza kuwa bado mwilini, akarudi kuzimia peke yake chooni. Kaeni naye saa mbili, na hospitali aende hata akisema yuko poa.

Juma Tuktuk: Tatizo wenzake hukimbia. Waogopa askari.

Hamisi: Najua. Ndiyo maana twawaambia maskani: ukiogopa, kimbia, lakini piga kelele kwanza na umwache kwa ubavu, si kwa mgongo.

Bi Rukia: Samahani kuingilia. Mie mtoto wangu bado atumia. Shemeji yuasema tumfungie chumbani siku saba aoshe, tumalize.

Nesi Mwanaidi: Bi Rukia, inategemea atumia nini. Arosto ya unga huanza saa 8 mpaka 12 baada ya kete (kipakiti cha unga) ya mwisho: miayo, mafua, machozi, ngozi ya kuku. Siku ya pili na ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kuharisha, kutapika, mifupa yauma, halali. Wiki moja hivi inashuka. Kwa mtu mwenye afya haiui kwa kawaida, ila maji yakimwisha yaweza kumuua, kwa hivyo ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kunywa kidogo kidogo kila mara. Lakini kama anywa pombe kila siku, au ameza bugizi kila siku, USIMFUNGIE na usimkatishe ghafla.

Bi Rukia: Kwa nini? Pombe si ndogo kuliko unga?

Nesi Mwanaidi: Kwa kukatisha ghafla, pombe ni mbaya zaidi. Mlevi wa kila siku akikatishwa hutetemeka, na ndani ya siku mbili aweza kupata kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, joto juu, moyo mbio. Hapo watu hukimbilia kusema ana jini, wamsomee, na saa zapita. Someni, lakini mkiwa njiani kwenda hospitali. Kule hupewa dawa ya kumtuliza inayopunguzwa pole pole, na vitamini B1. Bugizi nayo inashushwa kidogo kidogo na daktari kwa wiki kadhaa.

Kadzo: Na baada ya hizo siku saba za kufungiwa, Hamisi kashasema: atatoka chumbani na mwili usiobeba. Mmetengeneza Shimo la Tewa ndogo nyumbani.

Mzee Mwinyi: Basi dawa ni hiyo methadoni? Wazee wengine msikitini wasema ni unga wa serikali.

Hamisi: Nawaheshimu wazee wangu, lakini tofauti ipo. Kete humshika saa chache, kisha arosto, kisha aibe sufuria. Methadoni ni shira, anainywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, yamshika siku nzima bila kupanda wala kushuka. Haiuzwi, na kwa kawaida hapewi aende nayo. Hakuna sindano, kwa hivyo hakuna kuambukizana VVU wala homa ya ini. Kenya ilianza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na kwetu kliniki iko Kisauni.

Mama Saumu: Anaenda tu anajiandikisha?

Hamisi: Anapitia shirika la mtaani, anaongea na mshauri, anapimwa mkojo, VVU, homa ya ini B na C, kifua kikuu. Huanzishwa kipimo kidogo, kinapandishwa taratibu, kwa sababu methadoni hujilimbikiza mwilini siku za mwanzo. Hizo siku akiongezea kete juu kwa kuwa "haijamshika", ndipo wanapozidiwa. Akikosa siku tatu mfululizo asirudi kunywa kipimo chake cha kawaida kimya kimya, aseme, wakishushe. Na akianzishwa dawa ya TB yenye rifampisini, aambie kliniki siku hiyo hiyo: inaimaliza methadoni haraka, arosto inarudi, anadhani dawa imetiwa maji.

Mzee Mwinyi: Kijana wetu je? Yeye hana arosto sasa.

Nesi Mwanaidi: Hamisi amuone Jumatatu yenyewe. Kama alikuwa akinywa methadoni huko ndani, atoke na barua ya uhamisho, siku isikatike. Kama hakuwa, aongee na mshauri wa kliniki, wataamua naye. Nyumbani: toeni komeo la ndani kwenye choo na chumba chake, ibaki pazia au kitasa tu. Wengi hupatikana nyuma ya mlango uliofungwa. Asilale peke yake wiki hizo mbili. Pesa mkononi kidogo. Na mwambieni waziwazi, bila matusi: ukiteleza usiteleze peke yako, na usichanganye. Kumwambia hivyo si kumruhusu.

Bi Rukia: Ni ngumu kumwambia mtoto hivyo.

Nesi Mwanaidi: Ngumu kweli, mamangu. Kesho baada ya alasiri nitapita kwako, tumuone wa kwako.

Kadzo: Aliye na swali la pombe au bugizi na aona haya humu, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana simu 1192, bila malipo.

Juma Tuktuk: Hamisi, nikipata kichupa cha naloksoni nikiweke kwenye dashibodi?

Hamisi: Dashibodi ya tuktuk na jua hili la Mombasa? Itaharibika. Iweke nyumbani kwenye kivuli, ndani ya boksi lake, na uangalie tarehe ya mwisho. Njoo Alhamisi tufanye zoezi la sindano kwa chungwa.