Kibao cha rangi nne mlangoni: 3, 1, 0 maana yake nini?

MamaNeema: Habari zenu ndugu. Nimeanza kazi ya usiku kiwanda cha nyama, Iowa, Marekani. Kwenye mlango wa chumba cha mashine za baridi kuna kibao cha mraba uliosimamishwa kwa pembe: bluu 3, nyekundu 1, njano 0, nyeupe tupu. Mwenzangu anasema 3 ni daraja la tatu, hatari ndogo. Tunapita hapo kila tukienda mapumziko.

FundiBaridi: Dada, mwenzako amekosea, tena mwambie leo leo. Kwenye kibao hicho namba ikipanda hatari inapanda: 0 hadi 4. Labda amechanganya na madaraja ya kwenye karatasi za usalama wa kemikali, ambako 1 ndiyo mbaya kuliko zote.

Chumba cha baridi chenye 3-1-0 ni cha amonia, gesi inayopoza majokofu makubwa. Bluu ni afya, na 3 hiyo ni macho na mapafu yako. Nyekundu ni moto; 1 haiwaki kirahisi, petroli ni 3. Njano ni kulipuka au kubadilika ghafla. Nyeupe huwekewa onyo maalumu, mfano W iliyokatwa mstari: usiguse na maji. Kibao kimewekwa hasa kwa ajili ya zimamoto, lakini anayepita hapo kila usiku ni wewe.

Baraka_Msa: Huku Mombasa malori ya petroli yana kibao cha namba 1203. Ni hesabu hiyo hiyo?

FundiBaridi: Hapana kaka. 1203 inakutajia mzigo wenyewe, ni petroli. Amonia ni 1005. Kibao cha jengo hakitaji jina, kinapima ukali tu.

MamaNeema: Asante sana kaka. Na harufu ikitoka?

FundiBaridi: Ile harufu kali ya mkojo, huwezi kuikosa. Usiende kuchungulia! Toka, tazama upepo unavuma wapi, ukate kwa ubavu kisha uelekee kule upepo unakotoka. Ukiona wingu jeupe limetambaa chini usilipite, hata kama gari lako liko ng'ambo. Ukishafika mbali piga 911, namba ya dharura.

Halafu dai mafunzo kwa Kiswahili. Sheria ya Marekani inamtaka mwajiri akufundishe hatari za kemikali kwa lugha unayoielewa. Kusaini karatasi ya Kiingereza usiyoielewa si mafunzo, na wengi wetu tumesainishwa hivyo. Nendeni wawili watatu kwa msimamizi, muombe pamoja.