Bamvua, Mvua na Safari ya Alhamisi

Kikundi: Ukoo wa Bibi wa Jang'ombe

JUMATANO

Mama Rahma (Sebleni, Unguja), saa 10:25 jioni
Assalaamu alaykum, wazee wangu na ndugu zangu. Nasikitika kuwaarifu kuwa maji yameingia ndani tangu adhuhuri na sasa yanakaribia kuufikia ubao wa kitanda cha watoto. Safari hii yamepitia mlango wa uani badala ya ule wa mbele, kwa sababu karo la maji machafu limefurika na mtaro ulio nyuma ya nyumba haupokei tena kitu. Mchele na unga nimeupandisha juu ya kabati, godoro moja nimelikunja juu ya meza, na la pili limeshalowa. Linalonitia wasiwasi kuliko godoro ni kwamba kesho saa tano asubuhi Rahma ana miadi na daktari wa macho Dar es Salaam, katika hospitali iliyoko Upanga, na tiketi za boti ya saa moja nimeshazilipia. Sijui tutatokaje hapa.

Shangazi (Malindi), saa 10:28 jioni
Wa alaykumu salaam, mwanangu. Poleni sana. Kabla ya boti na kabla ya magodoro, niambie kwanza kama umeme umeuzima.

Mama Rahma (Sebleni), saa 10:31 jioni
Shikamoo, Shangazi. Swichi kuu nimeizima tangu nilipoona maji yanaisogelea soketi ya friji. Tunatumia taa ya simu, nayo imebakiwa na asilimia 40 ya chaji, kwa hiyo mtanisamehe nikichelewa kujibu.

Kaka Mkubwa (Fuoni), saa 10:50 jioni
Pole, dada yangu. Mimi nimetoka mjini sasa hivi na nimetumia muda wa saa nzima kwa safari ambayo siku nyengine huchukua dakika ishirini. Hapo Mwanakwerekwe tumepita bila ya tatizo kwa sababu ya daraja, na anayekumbuka miaka ile tulipokuwa tukizunguka mbali kwa ajili ya lile ziwa la maji ya mvua atanielewa nikisema kuwa nilishusha pumzi nilipofika upande wa pili. Tatizo limehamia kwenye njia za ndani. Daladala zimeacha kuingia mitaani, zinashusha abiria barabara kuu na kugeuza, na vijana wa bodaboda wanadai mara mbili ya nauli ya kawaida, nami siwalaumu, maana nimemwona mmoja akiisukuma pikipiki yake huku maji yakitoka kwenye bomba la moshi. Ushauri wangu ni kuwa msubiri. Mvua imeanza kupungua, na nitawafuata alfajiri saa kumi na moja kabla ya gari kuwa nyingi barabarani.

Ammi (Kikwajuni), saa 11:15 jioni
Assalaamu alaykum nyote. Mwanangu wa Fuoni, nia yako ni njema lakini saa uliyoichagua ndiyo mbaya kuliko zote. Mwezi umeandama juzi, na hivyo tumo katika bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kutoka sana. Mimi nimefanya kazi bandarini hadi nikastaafu, na jambo ambalo sikuhitaji kuandikiwa ni kwamba hapa Unguja, katika siku za bamvua, bahari hujaa karibu na saa kumi au saa kumi na moja, jioni na alfajiri, na baina ya maji kujaa na maji kutoka tofauti inaweza kufika mita nne. Mtaro unaomwaga baharini hauwezi kumwaga ilhali bahari yenyewe imepanda hadi kwenye mdomo wake, na mvua ikinyesha katika saa hizo maji hurudi nyuma kwenye makaro na nyua za watu. Ndiyo maana leo yaliendelea kupanda Sebleni hata baada ya mvua kupungua. Kufika saa tano usiku bahari itakuwa imetoka. Kufika saa kumi na moja alfajiri, saa hiyo unayotaka kuwafuata, itakuwa imejaa tena. Watoke usiku huu wakalale Malindi kwa Shangazi yao, ambako kwenda bandarini ni mwendo wa miguu.

Kaka Mkubwa (Fuoni), saa 11:24 jioni
Shikamoo, Ammi. Nakubali hesabu ya bahari, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo. Mtaa ule maji hayatoki hata bahari ikiwa kavu, kwa sababu mtaro umejaa chupa na mifuko ya plastiki, na sehemu kubwa ya nyumba zimejengwa katika bonde ambalo zamani lilikuwa dimbwi. Tena usiku ni giza, umeme haupo, na mifuniko ya mtaro imeng'oka. Mtu akikosea hatua moja anatumbukia.

Ammi (Kikwajuni), saa 11:33 jioni
Hoja ya taka ni ya kweli na sikuikana. Sisemi kuwa bamvua ndiyo chanzo cha mafuriko, nasema ndiyo saa yake. Hata hapo Darajani mnapopita kila siku, jina halikutoka hewani: palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, pakawa na daraja, kisha pakafukiwa. Mkijenga juu ya njia ya maji, lazima muyajue maji yenyewe yanakwenda kwa saa gani. Kuhusu giza uko sahihi, na hilo tulipatie ufumbuzi badala ya kuahirisha safari.

Mama Rahma (Sebleni), saa 12:05 jioni
Ahsanteni. Kuhusu mtaro, vijana wa mtaani wamefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka kwenye mwembe hadi kwenye nguzo ya baraza ya msikiti, na wameifunga vitambaa vyeupe, ili anayepita ajue kuwa upande wa kulia wa kamba hakuna ardhi. Baba Rahma yuko Pemba kikazi, lakini jirani ameahidi kumbeba mtoto mgongoni hadi barabara kuu. Ninaloogopa ni boti kuahirishwa tukiwa tumeshateseka.

Ammi (Kikwajuni), saa 12:14 jioni
Boti huzuiwa na upepo na mawimbi, wala si na mvua. Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu, safari za boti baina ya Unguja na Dar es Salaam zilisitishwa, na hata hivyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari mapema. Taarifa yao ya leo nimeisikiliza, imetaja mvua kubwa, haikutaja upepo mkali. Mvua hii ya masika inaweza kukuzuia mlangoni kwako na isikuzuie baharini.

Mjomba (Magomeni, Dar es Salaam), saa 1:40 usiku
Salaam kutoka bara. Na huku hali si nzuri. Mto Msimbazi umefurika, na barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa tangu mchana, mabasi ya mwendokasi hayavuki, na watu wanaotoka mjini wamekwama upande wa pili. Nilikuwa nimepanga kukupokea bandarini na kukuleta kwanza nyumbani upumzike, lakini naona mpango huo tuuache. Boti ikifika saa tatu, nenda moja kwa moja Upanga, kwa sababu kutoka bandarini hadi huko huvuki bonde la Msimbazi hata kidogo. Baada ya daktari ndipo tutakapoangalia: Jangwani ikiwa bado imefungwa, nitakuleta kwa njia ya daraja la Tanzanite kisha Kinondoni, ingawa njia hiyo ni ndefu na foleni yake siku kama hizi inachosha. Usikubali dereva yeyote akuambie kuwa anajua njia ya mkato ya kupita Kigogo, maana ni bonde lile lile.

Dada (Muscat), saa 2:10 usiku
Poleni, mpenzi wangu. Nimeyapitia hayo katika mji ambao hakuna aliyeutarajia. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua ilipoipiga Falme za Kiarabu, kituo kimoja cha upande wa Al Ain kilipima zaidi ya milimita 254 kwa chini ya siku moja, kiwango kikubwa kuliko chochote kilichorekodiwa huko tangu mwaka 1949, na mimi nilikuwa uwanja wa ndege wa Dubai nikisubiri ndege ya kuja nyumbani. Ndege zilielea kwenye maji kama mashua, na barabara za kuufikia uwanja nazo zilizama, hata wahudumu wengine wakashindwa kufika kazini. Nililala sakafuni siku mbili. Dawa zangu za presha zilikuwa ndani ya sanduku nililokwisha kulikabidhi, na hapo ndipo nilipoteseka. Kwa hiyo karatasi za hospitali, matone ya macho ya Rahma, nguo moja kavu na chakula kidogo, vyote viwe katika mkoba unaoubeba wewe mwenyewe, na uvifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Mama Rahma (Sebleni), saa 2:22 usiku
Nimevifunga, dada. Kadi ya kliniki nimeiweka kifuani.

Shangazi (Malindi), saa 2:30 usiku
Chumba cha ghorofani nimeshakitandika, na maji ya moto ya kuoga yako jikoni. Mkifika, msikanyage ndani kabla ya kunawa miguu kwa sabuni, wala msione nawatenga. Maji yaliyopita kwenye makaro si maji ya mvua tena, na sisi tulioshuhudia kipindupindu katika mji huu hatuyafanyii mzaha. Mwanangu wa Fuoni, kesho uwaambie na majirani wa Sebleni wasinywe maji ya kisima kile hata baada ya mafuriko kukauka, mpaka kitiwe dawa. Watu huogopa maji yanapokuwa sebuleni, kisha huyasahau yakishaingia kisimani.

Kaka Mkubwa (Fuoni), saa 5:20 usiku
Nimewachukua, alhamdulillahi. Ammi, nakiri mbele ya ukoo mzima kuwa maji yamepungua kwa zaidi ya kiganja tangu saa mbili, na kwenye ukuta wa uani umebaki mstari wa tope unaoonesha yalikofika. Tumepita Amani, kisha Saateni na Kinazini, ambapo maji yalifika nusu ya gurudumu, na kwa hapo nilikwenda polepole bila ya kuliachia gari lizime. Rahma alilala njia nzima.

Ammi (Kikwajuni), saa 5:26 usiku
Mwenyezi Mungu awafikishe salama. Ungamo lako limepokelewa.

ALHAMISI

Mama Rahma, saa 3:12 asubuhi
Assalaamu alaykum. Tumefika Dar es Salaam salama. Boti iliondoka kwa kuchelewa dakika kumi tu, ingawa nusu ya viti vilikuwa vitupu, na abiria aliyekaa karibu nami alipigiwa simu na mkewe ambaye alikuwa amekwama Mpendae na tiketi yake mkononi. Tunaelekea Upanga.

Mjomba (Magomeni, Dar es Salaam), saa 3:20 asubuhi
Vyema. Jangwani bado imefungwa.

Kaka Mkubwa, saa 4:45 asubuhi
Niko Sebleni. Alfajiri maji yaliingia tena hadi kwenye kizingiti, na sasa yanatoka. Nimeyatoa magodoro yote nje, lakini lile la watoto sidhani kama litafaa, kwa kuwa limenyonya maji ya karo. Majirani nimewaeleza habari ya kisima, wawili wamekubali na mmoja amenijibu kuwa amekinywea miaka thelathini. Nguo zilizo kabatini nataka nizianike kabla mvua haijarudi, lakini kabati limefungwa.

Mama Rahma, saa 6:50 mchana
Daktari amemwona. Atavaa miwani na tutarudi baada ya miezi mitatu, yaani masika yatakuwa yamekwisha, inshaallah. Boti ya leo jioni tumeiacha, tutalala kwa Mjomba na kurejea kesho asubuhi, kwa sababu boti ya jioni ingetufikisha Malindi bahari ikiwa imejaa tena, na nimeshajifunza kuuliza. Kuhusu kabati, kaka yangu, ufunguo uko ndani ya birika la kahawa, juu ya dirisha la jikoni, nilikouweka usisombwe na maji.