Kusajiliwa kuwa doula anayelipwa na Medi-Cal: niombe kwa njia ya mafunzo au ya uzoefu?

Msindikizaji_Sacramento ameuliza:

Amani kwenu, mama zangu na dada zangu. Mimi ni Mkongomani niliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa Sacramento miaka mitatu iliyopita. Kambini nilikuwa miongoni mwa wanawake wa kujitolea waliowasindikiza wajawazito kliniki, wakakaa nao wakati wa uchungu na kuwatembelea baada ya kujifungua. Hapa nimeendelea na kazi hiyo hiyo bila malipo kwa majirani na waumini wenzangu, kwa sababu wengi wao hawajui Kiingereza na hujikuta wamelala kitanda cha hospitali peke yao, mume akiwa kiwandani zamu ya usiku.

Nimeelezwa kwamba tangu Januari 1, 2023, Medi-Cal, yaani bima ya afya ya umma ya California kwa watu wa kipato kidogo, inalipia huduma za doula, yaani mtu anayemsindikiza mama kabla, wakati na baada ya kujifungua bila kumtibu, na kwamba doula anaweza kukubaliwa ama kwa mafunzo aliyopata, ama kwa uzoefu wake. Sina cheti chochote cha mafunzo. Je, miaka yangu ya kambini inahesabika? Na je, nikishasajiliwa, malipo huja yenyewe, au kuna mlango mwingine wa kubisha? Naomba mwenye kuijua njia hii anieleze kwa utaratibu, kwa kuwa watoto wangu ndio wanaonisomea barua na sipendi kuwapotosha wao pamoja nami.

Doula_SanDiego amejibu:

Dada mpendwa, hongera kwa kazi uliyoifanya, na usiidharau kwa sababu haikuwa na mshahara. Masharti ya njia ya uzoefu yanataka uwe umefanya kazi ya doula kwa muda usiopungua miaka 5 ndani ya miaka 7 iliyopita, na yanasema waziwazi kwamba kazi hiyo inaweza kuwa ya malipo au ya kujitolea. Ukijumlisha miaka yako mitatu ya Sacramento na miwili ya mwisho ya kambini, umefika. Zingatia tu kwamba miaka ya nyuma zaidi ya hiyo saba haiingii katika hesabu, hata kama ndiyo uliyofanya kazi nyingi kuliko yote.

Uzito wa njia hii uko kwenye barua. Unatakiwa kuwa na barua tatu zinazothibitisha ujuzi wako wa kumhudumia mama kabla ya kujifungua, wakati wa uchungu na baada ya kujifungua, na zote ziwe zimeandikwa ndani ya miaka 7 hiyo. Barua zinaweza kutoka kwa akina mama uliowahudumia, lakini angalau moja lazima itoke kwa mtoa huduma mwenye leseni, shirika la kijamii, au doula ambaye tayari amesajiliwa. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, kwa kuwa mkunga aliyetuona tukifanya kazi amebaki ng'ambo ya bahari na simu yake haipatikani. Mimi nilikwenda kwa shirika la kijamii lililokuwa likinituma kwa akina mama, nikamwomba mratibu aandike alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Barua ya kwanza aliyoniandikia ilisema tu kwamba mimi ni mtu mwema na mchapakazi, nikamrudishia kwa heshima na kumwomba aandike upya, akieleza kwamba nilikaa na mama fulani saa ngapi za uchungu, nilimsaidia vipi kubadilisha mkao, na nilirudi nyumbani kwake mara ngapi kumsaidia kunyonyesha. Hiyo ya pili ndiyo niliyoituma.

Njia yoyote utakayochagua, kuna mambo yanayotakiwa kwa kila mwombaji: uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, uwe na cheti cha CPR, yaani huduma ya kwanza ya kurudisha mapigo ya moyo na pumzi, cha watu wazima na watoto wachanga, na uwe umepitia mafunzo ya msingi ya HIPAA, yaani sheria ya kulinda siri za mgonjwa. Baada ya kusajiliwa, utahitaji saa 3 za mafunzo ya kujiendeleza kila baada ya miaka 3.

Mama_wa_Oakland amejibu:

Nakubaliana na dada wa San Diego kuhusu masharti, lakini ushauri wangu ni tofauti. Mimi nilikuwa na uzoefu wa kutosha na bado nikachagua njia ya mafunzo, wala sijuti. Mafunzo yanayotakiwa ni saa 16 tu kwa uchache, na lazima yaguse msaada wa kunyonyesha, elimu ya uzazi, misingi ya maumbile ya mwili wakati wa ujauzito na kujifungua, njia za kumtuliza mama zisizo za kitabibu, namna ya kumsaidia kabla na wakati wa uchungu, pamoja na kuandaa orodha ya huduma za msaada zilizopo katika jamii yako. Juu ya hayo unathibitisha kwamba umewasaidia akina mama wasiopungua watatu wakati wa kujifungua, jambo ambalo wewe umeshalivuka mara nyingi.

Sababu yangu si cheti chenyewe. Kule nilikotoka nilizoea mama anayetembea, anayechuchumaa, anayeshika nguzo ya mlango. Hapa mara ya kwanza nilimkuta mama amefungwa mikanda miwili tumboni, mmoja wa kupima mapigo ya moyo ya mtoto na mwingine wa kupima uchungu, ana mrija wa dripu mkononi na sindano ya kupunguza maumivu mgongoni, miguu haimtii. Nilisimama nimeshika kanga yangu bila kujua nianzie wapi. Mwalimu wa mafunzo ndiye aliyenionyesha kwamba hata mama huyo anaweza kugeuzwa ubavu kila baada ya muda, mto ukawekwa katikati ya magoti, na kwamba kuna swali la kumuuliza muuguzi kabla ya kumgusa. Uzoefu wa kambini ni wa kweli, ila haukunifundisha chumba kile.

Ukifuata njia hii, hakikisha cheti au barua ya mafunzo inataja mada zote hizo na idadi ya saa. Kama cheti kina jina lako na muhuri tu, omba muhtasari wa masomo uliosainiwa na mwalimu kabla darasa halijatawanyika.

Karani_wa_Madai amejibu:

Nimefanya kazi ya kuandaa madai ya malipo kwa ajili ya doula kadhaa, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili, ambalo naliona ndilo zito zaidi. Kusajiliwa na jimbo ni mlango wa kwanza, na malipo yako nyuma ya mlango wa pili.

Kwanza unaomba namba ya NPI, ambayo ni namba ya kitaifa ya mtoa huduma na hutolewa bila malipo. Chagua NPI ya mtu binafsi na utaalamu wa doula, ambao msimbo wake ni 374J00000X. Fahamu kwamba anwani ya kazi utakayoandika itaonekana na mtu yeyote anayetafuta katika orodha ya umma ya NPI, hivyo fikiri mapema kama uko tayari anwani ya nyumbani kwako ionekane hivyo. Baada ya hapo unajaza ombi katika mfumo wa intaneti wa jimbo uitwao PAVE, na kuambatanisha vyeti vyako.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, dada, kwa sababu kosa hili nimeliona likiwarudisha watu wetu mara kwa mara. Jina lako lazima lifanane herufi kwa herufi katika kitambulisho, NPI, cheti cha CPR na ombi lenyewe. Nilimhudumia mama mmoja ambaye karatasi zake za ukimbizi ziliandikwa kwa "l", mwalimu wa CPR akaandika kwa "r" kama alivyosikia, na katika NPI jina la baba yake lilikuwa limetangulia mbele ya lake. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja. Kwenye mfumo walikuwa watu watatu. Ombi likirudishwa kwa kasoro, unapewa siku 60 za kurekebisha, na idara ya afya ya jimbo ina hadi siku 180 za kulishughulikia ombi tangu mwanzo, kwa hiyo herufi moja inaweza kukugharimu msimu mzima. Toa vyeti vyako vyote leo, vipange mezani na uvilinganishe kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma.

Mlango wa pili ni mipango ya afya. Wateja wengi wa Medi-Cal huhudumiwa kupitia mpango wa afya unaosimamia matibabu yao, na mpango huo ndio unaomlipa doula. Inakubidi uingie mkataba na kila mpango unaowahudumia akina mama wa eneo lako, na kila mmoja una fomu zake na mtu wake wa kuwasiliana naye. Mama akija na mpango usio na doula katika mtandao wake, yaani kati ya watoa huduma wenye mkataba nao, mpango unawajibika kumtafutia doula aliyesajiliwa nje ya mtandao, kwa hiyo usimkatalie kabla hujapiga simu kwenye mpango wake. Yule asiye na mpango, anayelipiwa moja kwa moja na jimbo, madai yake hupelekwa kwa jimbo, nayo yafike ndani ya miezi 6 baada ya mwezi wa huduma ili ulipwe kikamilifu. Angalia uhai wa bima ya mama kila unapokwenda, kwani mtu anaweza kuwa na mpango mmoja mwezi huu na mwingine mwezi ujao.

Kinachogharamiwa ni ziara moja ya kwanza, hadi ziara 8 nyingine kabla au baada ya kujifungua, msaada wakati wa uchungu na kujifungua, na hadi ziara mbili ndefu za saa 3 baada ya kujifungua. Mimba ikitoka au mtoto akizaliwa amefariki, huduma yako bado inalipwa, na naomba ukumbuke hilo kwa sababu akina mama hao ndio wanaoachwa peke yao upesi. Muda wa huduma huendelea hadi miezi 12 baada ya ujauzito kuisha. Zamani mama alihitaji pendekezo la daktari au mtoa huduma mwingine mwenye leseni, lakini tangu Novemba 2023 jimbo limetoa pendekezo la jumla linalowafaa wote. Ziara za ziada baada ya kujifungua, hadi 9, ndizo zinazohitaji pendekezo jingine kwa ajili ya mama husika.

Mwisho, andika kumbukumbu ya kila ziara siku ile ile: tarehe, muda uliotumia, na mlichofanya. "Nilimtembelea mama" haitoshi. "Tulizungumza kuhusu mpango wake wa kujifungua na dalili za hatari kwa saa moja" inatosha.

Msindikizaji_Sacramento ameandika tena:

Nawashukuru sana, nyote mmenifungua macho. Nimekwisha kutoa vyeti vyangu, na kweli kadi ya CPR ina herufi moja iliyozidi, hivyo kesho nitampigia mwalimu. Nitapitia mafunzo kama alivyoshauri mama wa Oakland, huku nikiendelea kukusanya barua.

Nimebakiwa na jambo moja. Akina mama wetu hunitarajia niwakande kwa maji ya moto na kuwafunga tumbo kwa kanga baada ya kujifungua. Je, hayo yanaingia katika ziara? Na hospitali wananiomba nitafsiri, tena mara nyingine wananiachia karatasi ya kusaini nimweleze mama peke yangu.

Mkunga_Mstaafu amejibu:

Mwanangu, nimefanya ukunga miaka mingi nyumbani, na hapa ni doula tu, kwa hiyo mipaka hii nimeijifunza kwa uchungu. Medi-Cal hailipii kufunga tumbo kwa desturi, hailipii kukanda wala kuchua mama au mtoto, hailipii mafusho wala sherehe za uzazi. Ukiyafanya, yasiingie katika kumbukumbu ya ziara uliyoidai, wala muda wake usihesabiwe. Lakini ukiwa nyumbani kwake mnazungumza juu ya kunyonyesha huku unamkunjia nguo za mtoto, hiyo ni ziara halali, na maelekezo ya Medi-Cal yenyewe yanatoa mfano wa kukunja nguo hivyo hivyo.

Usipime presha, usimkague mama njia ya uzazi, usiseme kama mtoto amekaa vizuri au vibaya hata kama mikono yako inajua. Inajua, nami najua inajua. Ukihisi jambo si sawa, mwite muuguzi mara moja, na ubaki umemshika mama mkono.

Kuhusu tafsiri, kataa kwa upole. Hospitali inawajibika kumpatia mama mkalimani bila malipo, kwa simu au ana kwa ana, na karatasi ya idhini ya upasuaji si kazi yako kuieleza. Nilishawahi kulazimika kufanya hivyo katika hospitali moja, na nilipokuwa nageukia daktari, nikatafuta neno, nikageukia mama, hakukuwa na mtu wa kumfuta jasho. Tangu siku hiyo, katika ziara ya kwanza namfundisha kila mama sentensi moja ya Kiingereza ya kudai mkalimani wa Kiswahili, airudie mbele yangu mpaka aizoee, kisha ninaiandika kwenye karatasi ya mpango wake wa kujifungua, mstari wa kwanza kabisa, ili muuguzi wa zamu aione kabla hajaniangalia mimi.